Mbao kavu ziliisha 2012: kisa cha karakana ya magitaa ya mjomba, Mtwara

Ukiwauliza watu wa Chikongola hapa Mtwara ile karakana ya magitaa ya umeme ilikufaje, wengi watakwambia ni Mchina. Magitaa ya bei rahisi yakaja, mzee akashindwa kushindana nayo, basi. Wengine watakwambia bendi ndo zimekufa, siku hizi harusi nzima inamalizwa na mtu mmoja na kinanda na flashi. Nimeyasikia hayo miaka mingi nikanyamaza, mana mzee alikuwa bado anafungua mlango kila asubuhi na sikuona vizuri kumjadili huku bado yuko kazini. Sasa amefunga, yuko Newala kwa dada yake ambaye ndo mama yangu, nimemuomba ruhusa akasema andika. Nilikuwa ndani ya ile karakana kuanzia 2006 mpaka siku tunang'oa benchi la mwisho 2019, kwa hiyo naandika nilichokiona na kile kilichomo kwenye daftari zake ambazo ninazo mimi.

Mimi naamini karakana ilikufa Novemba 2012, siku mbao kavu zilipoisha darini. Iliendelea kufunguliwa miaka mingine saba na baadhi ya magitaa mazuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza ni ya miaka hiyo, lakini kilichokuwa kinaibeba kilikuwa kimeshaondoka. Ili mtu anielewe lazima nianzie kwenye mbao.

Mjomba alijifunza useremala misheni, afu akajifunza redio na spika mwenyewe kwa kufungua vibovu. Miaka ya themanini hali ya nchi ilikuwa ngumu, hela za kigeni hakuna, bendi nyingi zilikuwa za mashirika na majeshi na vyombo vikiharibika hakuna pa kuagiza. Gitaa moja la solo likavunjika shingo, likaletwa kwake kwa sababu tu alikuwa seremala anayejua solda. Akatengeneza shingo mpya ya mninga, nafasi za freti, vile vichuma vinavyokatiza shingo, akazinakili kwenye karatasi kutoka kwenye shingo ya zamani. Likalia. Baada ya hapo akatengeneza gitaa zima, afu la pili, na kwenye la tatu akataka kujua zile nafasi zinatoka wapi mana kunakili kila siku kulikuwa kunamkera. Mwalimu mmoja wa hesabu akamkalisha chini akamwonyesha: chukua urefu wa waya, milimita 648, gawanya kwa 17.817, unapata kama 36.4, hiyo ndo freti ya kwanza. Kinachobaki, 611.6, gawanya tena kwa namba ileile, hiyo ya pili, nenda hivyohivyo, na ukifika ya kumi na mbili lazima uangukie 324 ambayo ni nusu kamili. Ile karatasi ya mwalimu ilibandikwa ukutani mpaka tunafunga, imekuwa ya njano kama samli, na kila kijana aliyepita pale alianza kwa kuipiga ile hesabu mwenyewe kwa mkono kabla hajaruhusiwa kushika msumeno.

Bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, alikuwa anatumia mninga, mara nyingine mvule. Ubao wa kupigia vidole, ule wa juu ya shingo, ulikuwa mpingo, vipande alivyokuwa anavinunua kwa wachongaji, vile ambavyo kwao ni vidogo mno kwa kinyago. Mpingo unachosha, unamaliza makali ya randa kabla hujamaliza ubao mmoja na vumbi lake linakuchoma pua wiki nzima, lakini ukishapigwa msasa vidole vinateleza kama kwenye kioo na freti zikishapigwa hazitoki. Pikapu, zile sumaku zenye waya zinazonasa mlio wa nyuzi, alizisuka mwenyewe kwa waya mwembamba kuliko unywele alioagiza Dar, raundi elfu saba na kitu kwa kila moja, kwa kutumia gurudumu la cherehani. Kuhesabu raundi alikuwa na kikalkuleta cha zamani, ameunganisha nyaya mbili kwenye kitufe cha sawasawa, unabonyeza moja kujumlisha moja, afu kila gurudumu likizunguka sumaku ndogo inapita karibu na swichi na kikalkuleta kinaongeza moja. Kijana wa leo anaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi niliikuta ile mashine nina miaka kumi na tisa nikajua hapa nitakaa.

Sasa dari. Juu ya benchi kulikuwa na dari ya mbao, juu yake bati, na kati ya dari na bati ndo stoo. Kila mwaka msimu wa korosho ukishaisha na hela kidogo zikishazunguka mjini mjomba alikuwa ananunua mninga, anaupasua nchi moja na nusu na mbili, anapaka rangi vichwani ili usipasuke, anaupanga darini kila ubao na vijiti katikati hewa ipite. Afu anaandika kwenye ubao wenyewe, kwa penseli, mwezi na uzito. Kila mwezi mmoja wetu alikuwa anapanda na mizani ya duka anapima mbao chache anaandika chini ya namba ya zamani. Ubao ukianza na kilo sita kasoro utashuka haraka miezi ya mwanzo, afu taratibu, afu unaanza kucheza, masika unapanda gramu kadhaa, kiangazi unashuka. Ukishaona mwaka mzima unacheza palepale, hapo ndo umekauka kwa hali ya hewa ya hapa. Yeye hakugusa ubao wa shingo kabla ya mwaka wa nne. Alikuwa anasema, "Mpwa wangu, maji ya kwenye mti hayafukuzwi, yanaaga yenyewe."

Mtu ambaye hajawahi kufunga nyuzi atauliza kwa nini yote hayo. Nyuzi sita za kawaida za gitaa la umeme, zile za unene wa kumi mpaka arobaini na sita kwa elfu ya nchi, zikishakazwa kwenye sauti yake zinavuta kwa nguvu ya karibu kilo 46. Ni kama umefunga kitu kinachokaribia mfuko wa sementi kwenye kijiti chenye unene wa nchi moja, ukakiacha hapo usiku na mchana miaka ishirini. Ndani ya shingo tulikuwa tunaweka chuma cha kukaza, ndio, lakini chuma kinarekebisha shingo inayopinda mbele na nyuma, shingo inayojisokota chuma hakiiwezi. Na mti ambao bado una maji ukishavutwa hivyo utasogea tu, hata kama fundi ni nani.

Kwa hiyo ukiangalia lile dari, ile ndo benki. Karakana ilikuwa inatoa magitaa machache kwa mwaka na inaingiza mbao za magitaa machache kwa mwaka. Gitaa la 2008 lilikuwa linatoka kwenye mti wa 2004. Hii sikuielewa nikiwa pale, nilikuwa naona tu mbao nyingi zimekaa bure juu ya kichwa changu.

Nirudi kwenye habari ya Mchina. Magitaa ya bei rahisi hayakuja jana, yalianza kuingia tangu biashara ilipofunguliwa na yalipoanza kufika Mtwara kwa urahisi ni baada ya daraja la Mkapa pale Rufiji kufunguliwa 2003, mana kabla ya hapo masika ikinyesha sisi huku tulikuwa kama kisiwa. Sasa daftari za mjomba zinaonyesha nini? Miaka yake mizuri kuliko yote ni 2004 mpaka 2011. Na sababu naijua mana nilikuwa mlangoni napokea wateja. Kijana wa kwaya ananunua gitaa la dukani la laki na nusu, linafika nyuzi ziko juu mpaka vidole vinauma, analeta turekebishe, elfu kumi na tano. Miezi sita jeki, pale pa kuchomekea waya, inakatika, analeta. Chumvi ya bahari inakula nyuzi na freti, analeta. Mwaka wa pili ameshajua kupiga na amelichoka, anauliza la kwenu bei gani. La kwetu lilikuwa laki tatu. Mchina alikuwa anatuletea wateja, sijui nisemeje zaidi ya hapo. Na bendi za dansi kweli zilipungua ila kwaya ziliongezeka na taarabu ilitaka besi, kitabu cha oda kilikuwa kimejaa.

2012 sasa. Waliokuwepo Mtwara mwaka ule wanajua mji ulivyokuwa. Gesi ya Mnazi Bay inajulikana tangu 1982 lakini ndo ilikuwa inaonekana inakuja kuwa kitu kikubwa, wageni wamejaa, nyumba za kupanga Shangani zinapanda bei kila mwezi, mtu ana kiwanja anaota hoteli. Mwenye nyumba wetu alipandisha kodi mara mbili ndani ya mwaka. Mwezi wa sita akaja mfanyabiashara mmoja, ana mpango wa ukumbi na hoteli na bendi mbili za kudumu, anataka magitaa 12 na mabesi 4, yote ya mjomba, yote yafike kabla ya Krismasi. Advansi nusu, mkononi.

Mjomba alikataa. Hili nataka lieleweke vizuri kwa sababu watu wanasema alikuwa na tamaa. Alimwambia yule bwana naweza kukupa sita mwaka huu, sita mwakani na mabesi mwaka wa tatu. Yule bwana akasema ataenda kuagiza nje. Ni mimi niliyeenda kwa mjomba jioni ile. Sisi kwetu mjomba kwa mpwa ni zaidi ya baba, na mpwa naye anaruhusiwa kusema kitu ambacho mtoto wa kuzaa hawezi, nikamwambia mjomba hii hela haitarudi, kodi imepanda, tununue msumeno wa mashine, mji unabadilika na sisi tutabaki hivihivi mpaka lini. Akaniangalia akaangalia juu kwenye dari. Akasema haya, kamwite.

Tulifanya kazi usiku na mchana tukiwa watu watano. Mbao kavu za miaka minne zilitosha vyombo saba. Zile za miaka miwili na mitatu zikatosha vinne, vikawa kumi na moja. Novemba nikapanda darini kushusha nyingine nikakuta vijiti vitupu na ubao mmoja uliojikunja ambao mjomba aliukataa tangu zamani. Vitano vilivyobaki tulivitengeneza kwa mninga ulionunuliwa mwaka uleule. Nakumbuka ukiupiga randa zile takataka zilikuwa zinakunjika laini kama ganda la viazi, za mti mkavu zinavunjika. Sote tulikuwa tunaiona ile tofauti mikononi na hakuna aliyesema.

Na kosa ambalo naliona kubwa kuliko hilo ni kwamba advansi ile haikununua mbao za darini. Ilinunua msumeno, kodi, mishahara, nyuzi, na mti wa kutumia palepale. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue mjomba mwaka ukaisha dari haina kitu. Hata kama magitaa yale yote yangetoka mazima, karakana ilikuwa haina cha kutengenezea 2013 wala 2014 wala 2015.

Magitaa hayakutoka mazima. Januari 2013 mji ulikuwa umeshachafuka kwa habari ya bomba la kupeleka gesi Dar, na Mei zikatokea zile vurugu ambazo kila mtu wa hapa anazikumbuka, maduka yakafungwa, askari mitaani. Yule bwana mpango wake ukasimama, nusu ya pili ya hela hatukuiona, na vyombo alivyokuwa ameshavichukua akaanza kuviuza kimojakimoja, kwaya ya Masasi, bendi ya Songea, wengine Lindi mjini. Sikumlaumu sana, na yeye alikuwa amezama. Ila ina maana magitaa yenye muhuri wa mjomba yalitawanyika kusini yote kwa watu ambao hata hatujaongea nao.

Yakaanza kurudi mwishoni mwa 2013. Shingo imejisokota, nyuzi ya chini inagonga freti ya saba, ya juu iko hewani. Yakarudi matatu, manne, mpaka mwisho kumi na moja kati ya kumi na sita, mana hata yale ya mbao za miaka miwili na mitatu baadhi yalisogea. Gitaa la Songea lilikuwa na shida ya aina yake, shingo haikupinda kabisa ila kule juu hewa ni kavu kuliko pwani, ubao ukasinyaa kwa upana na freti hazisinyai, kwa hiyo ncha za freti zikatokeza pembeni kama msumeno. Mpigaji akapiga simu akasema mzee gitaa lako linanikata kidole. Mjomba alipanda basi Mtwara mpaka Songea 2014, barabara ya Tunduru bado vumbi sehemu kubwa, akiwa na tupa mbili, msasa na fulana ya kubadili. Akakaa siku mbili kwa watu asiowajua akazisaga zile ncha freti moja baada ya nyingine pande zote mbili, akarudi. Hakuchukua hela hata ya nauli.

Hapo kuna watu wanamsifu, na mimi namsifu kama mtu. Lakini huu ni uchambuzi, lazima niseme na upande wa pili. Kuinyoosha shingo iliyojisokota ni kazi ya siku tatu mpaka nne. Unang'oa freti zote, unaweka kitambaa chenye unyevu juu ya ubao wa mpingo, unapitisha pasi ya mkaa taratibu mpaka gundi ya chini ianze kulegea, unaifunga kwenye jiriwa umeisokota kidogo upande wa pili, unaiacha usiku mbili, afu unairanda upya na kupiga freti mpya. Zingine zikirudi kwenye jua zinajisokota tena. Mwaka 2014 na 2015 karakana karibu yote ilikuwa inafanya hii kazi na hailipi. Vijana watatu wakaondoka mana hapakuwa na cha kuwalipa, mmoja alienda kujifunza kuchomelea vyuma akapata kazi kwenye ujenzi wa kiwanda cha saruji, na huyo ndo alikuwa na mkono wa kurithi. Niliwahi kumwambia mjomba tupige gharama ya nusu kwa yanayorudi, akasema gitaa lina jina langu kichwani, jina halilipishwi.

Nilikuwa namsomea mambo ya mafundi wa Marekani kwenye simu jioni, alipenda sana. Kuna Leo Fender, ambaye wengi wanalijua jina lake kwenye kichwa cha gitaa, hakuwahi kujua kupiga gitaa maisha yake yote. Mjomba alifurahi mpaka akaniomba nirudie, mana na yeye alikuwa anaambiwa utatengenezaje usichokipiga. Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS, shirika kubwa la utangazaji la kulekule, mwaka 1965 kwa dola milioni 13 akiwa anaumwa, akapona, akaanzisha nyingine, na aliendelea kukaa kwenye benchi lake mpaka mwaka aliofariki, 1991. Kuna mwingine, Nathan Daniel wa Danelectro, yeye bodi alikuwa anatengeneza fremu ya mbao rahisi na kuifunika hadibodi juu na chini, pikapu anazifunika kwa vile vichuma vya lipstiki. Aliuza 1966 na kiwanda kikafungwa 1969. Mjomba baada ya kusikia hiyo ya hadibodi alikaa kimya muda mrefu, afu akasema, "Bodi unaweza kumdanganya mtu. Shingo je?" Na ndo penyewe. Kule mtengenezaji ananunua mti ulioshakaushwa kwenye tanuri, kazi ya kusubiri anaifanya mtu mwingine. Kwa fundi wa Chikongola kusubiri ni sehemu ya gitaa, na hakuna mahali alipokuwa anaandika huko kusubiri kwenye risiti.

Bibi yetu alifariki 2015. Vitu vyake vikagawanywa, kikabaki kitanda cha mninga ambacho alikipata kwenye miaka ya sitini, kizito, hakuna aliyekitaka. Mjomba akaenda kukiangalia, akapiga kigongo kwa kidole cha shahada, afu akapiga tena na sikio limekaribia kabisa kwenye mti. Akanigeukia macho yamemtoka, "Huu una miaka hamsini kiangazini, mpwa wangu." Tukakibeba kwa toroli. Vigongo viwili vya pembeni vilitoa shingo nne, mbele ya kitanda ikatoa bodi moja na nusu.

Magitaa yale ya kitanda ndo mazuri kuliko yote. Yana vitobo vya misumari ambavyo tulivijaza kwa vijiti vya mpingo, kwa hiyo ukiangalia nyuma ya bodi unaona nukta nyeusi zimepangana pale zilipokuwa chaga za bibi. Ukilipiga bila kulichomeka kwenye ampu unasikia mtikisiko tumboni. Kuanzia hapo akaanza kununua vitanda vya zamani, meza, madawati ya shule yaliyotupwa, akatengeneza magitaa saba ndani ya miaka mitatu. Kijana mmoja alimletea kipande cha mlango wa nakshi kutoka Mikindani, mti mkavu wa ajabu, na bei rahisi mno. Mjomba alimfukuza, akamwambia kaurudishe ulipoutoa, ile nyumba bado inauhitaji. Hela ya kazi ile tungeihitaji sana lakini nilikubaliana naye na bado nakubaliana naye.

Saba kwa miaka mitatu haikulipa kodi, na kodi iliyopanda wakati wa gesi haikushuka gesi ilipopoa. 2017 mgeni mmoja aliyefanya kazi za kampuni hapa alitaka mawili aende nayo kwao, akauliza makaratasi ya mpingo, mana kuanzia Januari mwaka ule jamii nzima ya mpingo iliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya miti inayohitaji kibali kuvuka mipaka. Tukazunguka, tukachelewa, akaondoka bila. Vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa vilikuja kulegezewa mwishoni mwa 2019, sisi tulikuwa tumefunga miezi mitano kabla. Hilo nalitaja tu mana lilimuuma, ila halikutuua.

Kilichofunga mlango kwa mkono ni macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Waya ule wa pikapu hata mwenye macho mazima anautafuta kwa kupapasa. Aliendelea kusuka kwa vidole, anausikia ukipita katikati ya kidole gumba na cha shahada, na kikalkuleta namsomea mimi. Waya ulikatika mara tatu kwenye pikapu moja, raundi elfu nne na ngapi sijui. Akaweka chini. Juni 2019 tukarudisha funguo.

Nimefikiri sana kama kulikuwa na njia. Nadhani ilikuwepo na ilikuwa ndogo tu, kukubali sita, na kama yule bwana akienda, aende. Tungekosa msumeno wa mashine. Kodi tungeilipa kwa matengenezo ya magitaa ya dukani kama siku zote, na dari lingekuwa na mti wa 2009 na 2010. Yule kijana wa kuchomelea angebaki. Hata baada ya kosa, kama 2013 tungepakia darini hata mbao za magitaa matano kwa kukopa, 2017 tungekuwa na kitu. Hatukupakia kwa sababu kila shilingi ilienda kwenye yaliyorudi, na hapo ndo tunapotofautiana mimi na mjomba mpaka leo. Yeye anasema yaliyorudi ilikuwa lazima kwanza. Anasema angepakia mbao mpya huku gitaa lake linamkata mtu kidole Songea asingelala. Sina jibu la kumpa.

Vyombo vya kazi aliniachia mimi, siyo mwanae wa Dar, na kwetu hilo hakuna aliyelishangaa. Benchi liko uani kwangu, Magomeni ya hapahapa Mtwara. Cherehani inazunguka. Natengeneza magitaa ya watu jioni nikitoka kazini, jeki, freti, nyuzi, na Desemba 2020 nilinunua mninga wa kwanza wangu, mbao sita, nikazipandisha juu ya jiko kwenye vijiti, vichwa nimepaka rangi. Moja ni ya futi saba, upana nchi tano, nimeandika Desemba, kilo 5 na gramu 880.

Mjomba hupiga simu kila tarehe moja. Hasalimii, shikamoo yangu anaikata katikati, anauliza, "Ule mrefu unasemaje?" Safari hii nilimwambia kilo nne na gramu mia tatu na kumi, mjomba, na mwezi uliopita ulikuwa hivyohivyo na uliotangulia hivyohivyo. Nilimsikia anavuta pumzi. Mama alikuwa anaongea nyuma yake, mjomba akamwambia subiri kwanza.

"Masika imeshapita huko?"

Nikamwambia bado, ndo inaanza.

"Basi usiuguse," akasema, na akakata.